Ngoma Isiyokimbia

Jumapili moja baada ya Misa tulimsikia kijana akisema mbele ya mlango wa kanisa: «Yule mzee hajui ngoma. Tangu mwanzo mpaka mwisho anapiga kitu kimoja tu.» Wenzake wakacheka. Nasi tulicheka pamoja nao. Tunaanza na kicheko hicho kwa sababu maneno yanayofuata ni kama kulipa deni. Tumesikiliza tena, tumeuliza, tumejaribu kwa mikono yetu wenyewe, na sasa twajua kwamba tulicheka bure.

Kitu kimoja tu! Neno hilo husemwa kama lawama. Watu wakimwona mpiga ngoma anayezungusha fimbo hewani na kurukia ngoma tano kwa mara moja, husema: huyu ni fundi. Wakimsikia mwingine anayerudia pigo lile lile kwa robo saa, husema: hata mtoto aweza. Basi, mpe mtoto. Au jaribu wewe mwenyewe leo jioni. Keti mezani, piga kwa mkono wa kuume mara moja, wa kushoto mara mbili, wa kuume tena, kisha acha nafasi ya pigo moja. Endelea hivyo bila kubadili neno, huku mama wa nyumba anakuhadithia habari za soko. Kabla hajafika kwenye bei ya mihogo utakuwa umekwisha potea.

Nini imetokea? Kwanza, mikono miwili si mapacha. Wa kuume una nguvu, wa kushoto unachelewa na kuona haya, na ukiutazama sana wa kushoto, wa kuume nao unaharibika. Halafu kuna jambo la sauti na mwendo. Kwaya ikifika penye furaha hupaza sauti. Damu huchemka, na mkono huharakisha bila kuomba ruhusa. Sauti ikishuka, mkono husinzia, na wimbo unalegea kama kamba iliyolowa mvua. Mpigaji asiyefundishwa hufikiri kwamba nguvu na mbio ni kitu kimoja. Fundi amekwisha kuzitenga hizo mbili: aweza kupiga kwa nguvu bila kukimbia, aweza pia kupiga kwa sauti ndogo, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa, bila kuchelewa hata kidogo.

Lakini ugumu mkubwa haumo katika mapigo. Umo katikati ya mapigo. Nafasi kati ya pigo na pigo ni tupu, na utupu huita. Mkono wataka kutia kitu pale, kidogo tu, pambo dogo, watu wajue kwamba uko. Ni kama mtoto asiyeweza kupita mbele ya ukuta uliopakwa chokaa jana pasipo kuuandika kwa makaa. Mzee tuliyemcheka aliacha ukuta wake mweupe kwa miaka mingi, nasi tulidhani hana makaa.

Kwa sababu hiyo tumeitafuta tena santuri ya Missa Luba. Wengi kati yenu mnajua habari yake. Padri Guido Haazen, Mfransiskani wa Ubelgiji, alifika Kamina katika Katanga mwaka 1953. Shuleni alikusanya watoto wapata 45 na walimu wapata 15, na kikundi kikaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Misa yao iliimbwa kwanza huko Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mwaka ule ule wakasafiri Ulaya, wakaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na santuri ikatolewa na kampuni ya Philips. Maneno ni Kilatini. Sauti ni za Waluba na majirani wao. Waimbaji hawakuwa na karatasi ya noti mbele yao. Sehemu nyingi zilizaliwa kinywani, mmoja akianza na wengine wakijibu.

Wako walioisifu Misa hiyo kwa maneno ya moto na pori, kana kwamba ngoma zake ni kishindo cha watu waliosahau nafsi zao. Sisi hatukubali. Sikilizeni vizuri. Ngoma za Missa Luba hazichemki. Zinangoja.

Katika Kyrie sauti ya mtu mmoja huanza na kwaya humjibu, kwa mtindo wa kasala, ule wa kuomboleza na kutaja majina. Mwalimu Joachim Ngoi ndiye aliyeimba sehemu za mtu mmoja, na jina lake hutajwa mpaka leo. Anavuta neno, analikawiza, analilia, kisha analiacha lianguke. Aweza kufanya hayo yote kwa sababu chini yake kuna sakafu. Tuchukue kwamba mpiga ngoma naye angeanza kuvuta na kulilia: ni nani angebaki nyumbani? Watu wawili hawawezi kutoka matembezi kwa mara moja na kuacha mlango wazi. Ngoma ndiyo iliyobaki kulinda nyumba. Na kama ilivyo desturi ya dunia, aliyetembea husifiwa, aliyelinda hatajwi.

Sanctus ndiyo inayojulikana zaidi. Ilitiwa hata katika sinema ya Waingereza, If...., ya mwaka 1968. Asili yake ni wimbo wa kuagana. Huenda polepole, kwa huzuni, kisha inafuata Hosanna, ambayo ni mchezo wa Kasai, nao mwendo wabadilika kabisa. Tumeisikiliza kona hiyo mara nyingi kuliko tunavyoweza kukiri mbele ya watu wa nyumbani. Jambo tunaloliona zuri ni kwamba ngoma haituambii mapema. Mpigaji mwenye haraka angeanza kutangaza Hosanna zamani: angeongeza pigo hapa, angesukuma kidogo pale, na tulipofika kwenye furaha tungekuta imekwisha kuliwa. Huyu wa Kamina anakaa katika kuagana mpaka kuagana kuishe. Ndipo anapofungua mlango.

Na katika Credo, kwenye maneno ya kusulibiwa, huingia kyondo, ngoma ya kutangaza kifo. Mtu wa Katanga au wa Kasai hahitaji kufafanuliwa. Lakini kyondo huweza kutuambia hivyo kwa sababu ngoma nyingine hazikusema sana kabla yake.

Wenye kujua ngoma za Kasai watatukumbusha habari ya ditumba. Ubavuni mwake kuna tundu dogo lililofunikwa na utando mwembamba, nao utando hutoa mvumo kama wa nyuki kila ngozi inapopigwa. Mvumo ule hukawia kidogo baada ya pigo. Ukipiga upesi mno, mvumo wa pigo la kwanza humezwa na pigo la pili, na ngoma haisemi kitu ila kelele. Chombo chenyewe humfundisha mtu kungoja. Twaona huruma kwa vijana waliojifunza kwa ndoo za plastiki tu, ambazo hazifundishi jambo hili, ingawa zafundisha mengine.

Baada ya Missa Luba zilitokea misa nyingine nyingi, na tuseme kweli, si zote zilizoelewa. Kwaya kadha wa kadha zilidhani kwamba siri ya Kamina ni wingi wa ngoma. Wakaleta ngoma sita, manyanga, njuga, na juu yake batri, zile ngoma za kizungu anazopiga mtu mmoja kwa mikono na miguu. Kila mmoja akapiga pambo lake. Tumehudhuria Misa ambayo Gloria ilianza kwa mwendo wa mtu anayetembea, ikaisha kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa na mbwa. Waimbaji walikuwa wanahema. Bibi mmoja aliyekaa karibu nasi alifunga kitabu chake, akangoja tumalize.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la Afrika peke yake. Mfaransa Maurice Ravel alitunga Boléro, iliyosikiwa kwanza mjini Paris katika Novemba 1928. Ni kazi ya muda upatao robo saa. Ngoma ndogo, ile yenye nyuzi chini ya ngozi, inaanza pigo moja lenye mapigo madogo 24, kisha inalirudia mara 169 bila kubadili hata moja. Fanya hesabu: ni zaidi ya mapigo 4.000. Mwanzoni husikika kwa shida, kama mvua ya mbali. Mwishoni orkestra nzima inanguruma. Na amri ya mtungaji ni kwamba mwendo usibadilike. Sauti ipande, lakini mguu usikimbie.

Ukiwauliza wapiga ngoma wa orkestra ni kazi gani wanayoiogopa, wengi hawatataja ile yenye mapambo mengi. Watataja Boléro, tena mwanzo wake. Kupiga kwa kishindo, kila mtu aweza kujificha ndani ya kishindo. Lakini kupiga kwa sauti ndogo kabisa, mbele ya ukumbi ulionyamaza, pamoja na filimbi moja na nyuzi chache zinazonyonyolewa, huku ukijua kwamba filimbi itakufuata popote utakapoipeleka, na kwamba umebakiwa na mara 168! Mkono ukitetemeka, watu wote wameusikia.

Hata mabwana wakubwa waligombana juu ya habari hii. Mwaka 1930 mkuu wa orkestra Arturo Toscanini aliiongoza Boléro mjini Paris kwa mwendo wa haraka kuliko alivyotaka Ravel, naye Ravel hakuficha hasira yake. Toscanini alidhani anaiokoa kazi isichoshe. Katika ugomvi huo sisi tuko upande wa Ravel. Kazi ile inatisha kwa sababu haikubali kusukumwa. Ukiisukuma, inakuwa muziki wa kawaida unaopanda sauti.

Karibu zaidi na sisi, watazameni wapiga ngoma za kifalme wa Burundi, ambao ngoma yao UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika hesabu ya urithi wa watu wote. Wageni huwatazama wale wanaoruka na kucheza mbele ya inkiranya, ngoma ya katikati, na ni haki yao, maana ni jambo la ajabu kuona. Lakini ngoma zile zimegawanyika. Ibishikiso hufuata inkiranya. Amashakwe hushika pigo moja lisilokoma. Mchezaji anaruka juu, anarudi chini, na anapotua anakuta ardhi ipo pale pale alipoiacha. Ardhi hiyo ni amashakwe. Siku moja mkiwaona, fumbeni macho muda kidogo. Mtasikia kazi ambayo macho huifunika.

Na katika muziki wa dansi pia. Wazee wetu walicheza kwa «Indépendance Cha Cha», iliyotiwa katika santuri na African Jazz ya Kabasele mjini Bruxelles mwaka 1960. Watu hukumbuka sauti na gitaa. Ni wangapi waliosikiliza marakasi za Roger Izeidi, zinazokwenda kama mchanga unaomwagika, hazipandi, hazishuki? Ziondoe, na wachezaji hawatajua kwa nini miguu yao imekuwa mizito.

Hapa msomaji mwenye akili atatushika. Atasema: kama uzuri ni kutokubadilika, basi mashine ni fundi kuliko wote. Siku hizi kinanda cha umeme kina ngoma ndani yake. Bonyeza kidude, nayo yapiga mpaka kesho bila kukosa na bila kudai chai. Parokia nyingi zimekwisha kufanya hivyo. Kwa nini kumlisha mzee?

Ni swali la haki, na hatutaki kulikimbia. Mwaka 2011 wataalamu wa Göttingen, Ujerumani, walitoa habari za mpiga ngoma wa Ghana, mwenye kazi hiyo, waliyempa kazi nyepesi kabisa: kupiga kwa mkono mmoja akifuata mashine ya kuhesabu mwendo. Wakapima. Hata fundi huyo alitoka nje ya saa, mara nyingi kwa sehemu 10 mpaka 20 katika elfu moja za sekunde. Lakini makosa yake hayakuwa ya bahati nasibu kama karanga zilizomwagika. Kila kosa dogo lilikuwa na uhusiano na makosa yaliyotangulia, hata yale ya dakika zilizopita. Halafu wakatengeneza wimbo mmoja kwa namna mbili, moja yenye makosa ya bahati nasibu, nyingine yenye makosa yanayohusiana kama ya mtu; na wasikilizaji wakaipenda zaidi ile ya pili.

Tusitie chumvi. Habari hizo hazithibitishi kwamba mtu anashinda mashine katika kila jambo. Lakini zinatufundisha kwamba uthabiti wa mtu si uthabiti wa saa ya ukutani uliopungua kidogo. Ni uthabiti wa namna nyingine, wenye kumbukumbu. Mpigaji anachukua pamoja naye dakika zilizopita. Mashine haina dakika iliyopita.

Tena mashine haioni. Mpiga ngoma wa kanisa hatazami ngoma. Anatazama miguu ya akina mama wanaoleta matoleo, anatazama kifua cha mwimbaji kinapojaa pumzi, anatazama kama padri amekwisha kufika altareni au bado amesimama kumbariki mtoto. Anakawiza kwa unywele mmoja, na hakuna anayejua, ila kila mtu anajisikia vizuri. Tuliona kinanda kimoja kilichoendelea kupiga mwendo wa matoleo wakati mama mzee mwenye kikapu cha unga alikuwa amesimama katikati ya kanisa kupumzisha goti lake. Kinanda kilimwacha. Sisi sote tulimwacha, maana tulikuwa tunakifuata kinanda.

Kuna wakati ngoma zenyewe zilikaa nje ya kanisa, na hilo tusilisahau. Katika mwaka 1955 Papa Pius XII aliandika juu ya muziki mtakatifu na kuwaonya wamisionari wasizidharau nyimbo za watu. Mtaguso ulisema wazi mwaka 1963 kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake na nafasi yake. Na mwaka 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa cha majimbo ya Zaire, ambacho kimekubali mwendo na mchezo katika ibada yenyewe. Ngoma iliyongoja nje miaka mingi namna hiyo, ikisha kuingia, yastahili mpigaji anayejua kukaa.

Sasa turudi kwa mzee wetu, maana hatujamaliza kukiri. Baada ya kile kicheko kamati ya kwaya ilikutana, nasi tulikuwamo. Ikasemwa kwamba mzee ashukuriwe, apewe kitambaa, apumzike. Batri ichukue mahali pake. Tuliinua mkono kama wengine. Mzee alipoambiwa alisema tu: «Vema, wanangu.» Akaichukua ngoma yake kichwani, akaenda zake. Hakudai kitu, na hata kitambaa hakurudi kukichukua.

Kijana wa batri alikuwa na mikono myepesi, hatumnyimi sifa yake. Sikukuu ya kwanza watu walifurahi sana. Ya pili walifurahi kidogo. Ikaja siku ya matoleo ya mavuno: akina mama waliingia kwa safu mbili, vikapu kichwani, wakicheza hatua ile wanayoijua tangu utoto, na kijana akatia pambo moja refu, zuri kweli, lililovuka mwisho wa mstari. Safu ya kulia ilitua mguu mahali pamoja, safu ya kushoto mahali pengine. Mama wa mbele alisimama. Mayai mawili yakaanguka. Akina mama waliosalia walitembea tu mpaka altareni, kama watu wanaokwenda kulipa kodi, na mchezo ukafa. Kijana mwenyewe aliona, na uso wake ulibadilika. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemwambia kamwe kwamba kazi yake ilikuwa miguu ile.

Ni yeye mwenyewe, wala si kamati, aliyekwenda nyumbani kwa mzee. Tulisindikizana naye, kwa aibu. Alimkuta akitengeneza mpini wa jembe.

«Papa, shikamoo. Nimekuja unifundishe.»

«Marahaba, mwanangu. Nikufundishe nini? Mimi napiga kitu kimoja tu.»

Alisema bila ukali, lakini tulijua kwamba maneno ya mlango wa kanisa yalimfikia. Kijana alipiga magoti. Mzee akamwinua, akamletea kiti, kisha akatuambia kwamba ngozi ya ngoma imepasuka upande mmoja, na kama kamati inataka asikiwe tena, kamati ilete ngozi ya swala, si ya mbuzi. Tulileta ngozi. Gharama yake tuligawana sisi tulioinua mkono.

Sasa anapiga Jumapili ya kwanza na ya tatu, kwa kuwa magoti yanamwuma na njia ni ndefu. Kijana anakaa karibu naye na manyanga mkononi. Huu ni mwezi wa sita, na bado hajapewa ngoma. Tulimwuliza mzee kwa nini anamchelewesha hivyo, kijana mwenye kipaji. Alijibu kwamba mkono wake ni mzuri, ila kwenye Gloria, kwaya inapopaza sauti, bado anakimbia kidogo.